TAARIFU YA UFASHISTI NA UPAMBANUZI WA DOLA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika Kasoli, kata ya wilaya ya Bariadi iliyomo katika mkoa wa Simiyu, nchi ya Wasukuma wenye kulima pamba na kufuga ng'ombe, neno fashisti halikuingia kwa kitabu wala kwa darasa. Liliingia kwa redio. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka wakaitwaa nchi ya kaskazini ya mto Kagera, na tangu siku hizo hata Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, jina la Amin halikutajwa katika Tanzania illa limetanguliwa na nduli na fashisti. Vita vilipokwisha, neno lilibaki. Likawa tusi la kila siku. Karani akipunja mizani ya pamba ni fashisti. Mwenyekiti wa kijiji akitoza faini isiyopendeza ni fashisti. Na baba mkali wa nyumba naye hakusalimika.

Na huku pwani walikuwapo Waislamu walioliona neno hilo kwa jicho jingine. Amin alikuwa Mwislamu, na Uganda iliingizwa naye katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974, basi wakadhani ya kuwa tusi limerushwa kwa dini wala halikurushwa kwa mtu. Kwa hivyo wakalikataa neno, na kwa kulikataa neno wakamwachilia mwenyewe asihesabiwe kwa aliyoyatenda.

Makundi mawili haya yamekosea kosa moja. La kwanza lilianza na chuki likatafuta jina. La pili lilianza na mapenzi likakimbia jina. Hapana hata moja lililouliza: neno hili, maana yake nini? Na Qurani, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kuitana kwa majina ya ubaya. Na katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, imekataza chuki ya watu isimpeleke Mwislamu kuacha uadilifu. Amri ya pili hii yafaa ikumbukwe sana katika mlango wa siasa, ambamo uadilifu huwa wa kwanza kusahauliwa.

Wanazuoni wa mantiki wameiwekea kila taarifu masharti mawili. La kwanza, iwe jaami', yaani ikusanye vyote vilivyo vyake. La pili, iwe maani', yaani izuie visivyo vyake visiingie. Atakayesema, "Mwanadamu ni kiumbe chenye uhai," amekusanya, walakini hakuzuia, kwani na mbuzi ameingia. Ndivyo alivyo asemaye kwamba ufashisti ni serikali ya ukali. Amewaingiza wafalme wote wa dunia na nusu ya waalimu wa vyuo.

Mafakihi wametoa mfano ulio bora kuliko huu. Mtu mwenye nguvu akiingia katika shamba la yatima mchana, watu wakitazama, akalilima na kulifanya lake, huyo si mwizi katika istilahi ya fikihi. Wizi ni kutwaa mali ya mwingine kwa siri, kutoka mahali ilipohifadhiwa, nayo ifikie thamani ya robo ya dinari. Huyu hakuiba kwa siri, basi hakatwi mkono. Lakini hapana fakihi aliyesema kwamba kwa sababu si mwizi, shamba limekuwa halali yake. Ameghusubu, na ghasibu hulazimishwa kulirudisha shamba pamoja na ujira wa miaka yote aliyolikalia. Jina la wizi limemkosa, na dhambi imemshika. Msomaji aishike kadhia hii, kwani itahitajiwa mbele. Kila fashisti ni dhalimu, wala si kila dhalimu fashisti. Na asiyekuwa fashisti hapewi kwa hilo cheti cha uadilifu.

Ama asili ya neno, ni ya Kitaliani. Katika Rumi ya kale watumishi wa mahakimu walikuwa wakichukua tita la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, alama ya kuwa hakimu aweza kupiga na aweza kuua. Mnamo tarehe 23 Machi 1919, katika mji wa Milano, Benito Mussolini alikusanya watu wachache, wengi wao askari waliorudi kutoka vita vikuu vya 1914 hata 1918, akaunda chama ambacho jina lake limetokana na tita hilo. Italia ilikuwa katika washindi wa vita hivyo, walakini wengi wa watu wake walijiona kama walioshindwa, kwani hawakupewa yote waliyoyatumaini. Fedheha hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Wafuasi wake walivaa kanzu nyeusi fupi, wakazunguka mashamba ya kaskazini usiku kwa magari, wakichoma nyumba za vyama vya wakulima na vya ushirika na kuwapiga viongozi wao, na matajiri wenye ardhi wakiwasaidia kwa fedha, na askari wa serikali mara nyingi wakigeuza nyuso. Oktoba 1922 waliuendea mji wa Rumi, na mfalme akampa Mussolini uwaziri mkuu bila ya vita. Juni 1924 mjumbe wa bunge Giacomo Matteotti, aliyesimama na kuhesabu hadharani hila za uchaguzi, alichukuliwa njiani akauawa. Januari 1925 Mussolini alisimama mbele ya bunge akasema ya kwamba yeye ndiye mwenye dhamana ya yote yaliyotokea. Na kufikia mwisho wa mwaka 1926 vyama vyote vingine vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku.

Kwa hayo, na kwa yale aliyoyafanya Adolf Hitler Ujerumani tangu Januari 1933, yaweza kuwekwa taarifu hii:

Ufashisti ni harakati ya siasa inayoukusanya umma katika chama chenye sura ya jeshi, chini ya kiongozi mmoja asiyeulizwa, kwa dai la kulihuisha taifa lililodhalilishwa, ikilifanya taifa hilo kuwa ndilo mizani ya haki na batili, na ikiona nguvu na vita kuwa ni fadhila, si dharura.

Kisha huangaliwa kila kifungu kwa kile kinachotolewa nacho, kama ilivyo ada ya masharihi.

Kwa neno "inayoukusanya umma katika chama" wametoka wafalme na masultani wa kale, na wametoka pia majemadari walionyakua nchi kwa bunduki tu. Sultani wa kale alitaka kodi na utii. Raia akilipa na akanyamaza, aliachwa na nyumba yake, na msikiti wake, na mawazo yake. Ufashisti haukutaka anyamaze. Ulitaka apige makofi. Mussolini alianzisha mwaka 1926 jeshi la watoto, wakavikwa sare na kufundishwa gwaride, kwani chama chake kilitaka moyo wa mtoto kabla ya akili yake kukomaa. Mwalimu yeyote wa chuo ataelewa uzito wa jambo hili bila ya kufasiriwa.

Hapa ndipo Amin anapotoka. Alitwaa Uganda kwa jeshi tarehe 25 Januari 1971, hakuunda chama cha umma, wala hakuwa na mafundisho ya taifa yaliyopangwa. Alivifunga vyama vyote akatawala kwa askari na kwa amri. Katika istilahi yeye si fashisti. Ni jabari. Lakini kadhia ya ghasibu haijasahauliwa. Septemba 1972 Benedicto Kiwanuka, jaji mkuu wa Uganda, alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka katika mahakama yake mwenyewe ya Kampala, wala hakurudi. Kadhi akitolewa katika kiti cha hukumu namna hiyo, limebaki nini katika dola la kutetewa? Na Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri kabla ya Amin, Mwislamu wa Busoga, aliuawa mwaka 1973. Basi waliosema kwamba kumlaumu Amin ni kuulaumu Uislamu, na wamwulize huyu Mwislamu aliyeuawa.

Kwa neno "kiongozi asiyeulizwa" umetoka utemi wa Usukuma, ambao Kasoli na jirani zake waliuishi kabla ya watemi kuondolewa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963. Ntemi alikuwa mkubwa, na mvua na afya ya nchi vilihesabiwa kuwa katika dhamana yake. Na katika itikadi hiyo yamo yasiyokubaliwa na tauhidi, na hapa si mahali pa kuyaeleza. Lakini alikuwa na wazee waliomchagua na waliomshauri, na nchi ilipoharibika waliweza kumwondoa. Utawala wa mtu mmoja anayeweza kuondolewa na wazee wake si sawa na utawala wa mtu ambaye wazee wake ni yeye aliyewaweka.

Kwa neno "kulihuisha taifa lililodhalilishwa" hutoka serikali za chama kimoja zilizosimama juu ya madai mengine. Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu 1965 hata 1992. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa, na katika miaka ya 1970 wakulima wengi walihamishwa kwa nguvu waingie katika vijiji vya ujamaa, Usukuma ukiwamo. Hayo ni mambo ya kuulizwa, na waliovunjiwa nyumba zao hawakuhitaji jina la Kitaliani ili wajue wamevunjiwa. Lakini chama hicho kilidai usawa wa wanadamu, hakikudai ubora wa damu. Na katika uchaguzi wa 1965 wapiga kura waliwaangusha mawaziri. Asemaye kwamba yote ni ufashisti amevunja sharti la pili la taarifu, na zaidi ya hayo amewapunguzia mzigo mafashisti wenyewe. Kwani jina likiwa la kila mtu halimwumi tena mtu.

Kifungu cha "mizani ya haki na batili" ndicho roho ya jambo lote, na ndicho ambacho Mwislamu hana budi kukisimamia. Al-Hajjaj bin Yusuf alikuwa dhalimu ambaye historia ya Uislamu haina haja ya kumficha. Aliipiga Makka kwa manjaniki, na alimwua mwanazuoni Said bin Jubayr. Walakini katika zama za Al-Hajjaj haki ilibaki haki na dhulma ikabaki dhulma, na sheria iliyomhukumu haikuwa mkononi mwake. Watu walimwogopa, wala hawakufundishwa ya kwamba alitendalo ni jema kwa sababu yeye ndiye aliyelitenda. Dhalimu wa kale hutafuta udhuru, na kutafuta udhuru ni kukiri ya kuwa iko sheria juu yake. Fashisti hatafuti. Mussolini alitangaza ya kwamba hapana kitu nje ya dola wala dhidi ya dola. Na katika maandiko ya chama chake ya mwaka 1932, aliyoyatunga pamoja na mwanafalsafa Giovanni Gentile, dola imepewa cheo ambacho mja hawezi kukipa kitu kilichoumbwa, kisha akabaki na tauhidi timamu.

Iko harakati moja ya Usukuma ambayo kifungu cha "sura ya jeshi" chaonekana kuigusa, nayo ni sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na wezi wakawa na bunduki, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi walijikusanya kwa pinde na mishale, wakaweka wakubwa wao, wakawaandama wezi na kuwahukumu wenyewe. Mtu wa pwani akisikia hivyo huweza kukumbuka wale wenye kanzu nyeusi wa Italia. Tofauti ni kubwa: wale walilipwa na wenye ardhi ili wawavunje wakulima, na hawa ni wakulima waliolinda mali yao; wale walitaka dola, na hawa walitaka ng'ombe wao. Hata hivyo wazee walisingiziwa uchawi wakapigwa na wengine wakafukuzwa makwao, kwa sababu mshitaki na kadhi na mchapaji walikuwa watu wale wale. Serikali ilikuja kuwatia katika sheria mwaka 1989. Sungusungu si ufashisti. Ila kundi lenye silaha lisilokuwa na kadhi juu yake ni mlango, na mlango haujui atakayepita.

Yaweza kusemwa: mambo ya Italia na Ujerumani yana nini na watu wa mwambao? Wako wasemao mpaka leo ya kwamba ufashisti ulikuwa ugomvi wa Wazungu wao kwa wao. Jawabu lipo Kismayu.

Kismayu, mji wa Wasomali na Wabajuni, ulikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya. Mwaka 1925 Waingereza waliikata nchi ya Juba wakampa Mtaliani, iwe ni malipo ya kuingia kwake katika vita vya 1915. Watu wake hawakuulizwa. Walilala raia wa mkoloni mmoja wakaamka raia wa fashisti. Barawa, mji wa Mashafi'i na wa wanazuoni, ambao Kiswahili chake cha Chimwiini ni ndugu wa Kiamu, ulikuwa tayari chini ya Italia, na gavana wake tangu mwisho wa 1923 alikuwa De Vecchi, mmoja wa wakubwa wanne walioongoza safari ya Rumi. Yalifunguliwa mashamba makubwa Genale na katika bonde la Juba, ya pamba na ndizi, na watu wa vijiji wakatolewa kwa nguvu kuyalima. Katika waliolazimishwa walikuwamo Wazigua wa Juba, wajukuu wa watu waliouzwa utumwani kutoka mrima wa Tanga katika karne ya 19, waliokimbia mabwana zao wakajenga vijiji vya uhuru msituni. Babu aliponyoka, na mjukuu akakamatwa tena. Kazi hiyo haikukoma illa majeshi ya Afrika ya Mashariki, yaliyokuwa na askari wa Kenya, Uganda na Tanganyika, yalipoingia Kismayu Februari 1941.

Mwenye insafu atasema: Waingereza na Wajerumani nao walilazimisha watu kazi, na Wajerumani walichoma vyakula vya watu katika vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907. Ni kweli, na dhulma hiyo haioshwi. Lakini Mombasa, chini ya Mwingereza, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliweza mwaka 1932 kutoa gazeti lake Al-Islah, na Dar es Salaam watu waliunda African Association mwaka 1929. Kismayu ya miaka hiyo hapakuwa na pa kuchapa wala pa kukusanyika. Mwaka 1937 Italia ilitoa sheria ya kumfunga Mtaliani atakayekaa na mwanamke wa Kiafrika kama mke wake. Msomaji asidanganyike akadhani ililinda heshima ya mabinti wa Kiafrika; uchafu wa siri haukusumbua dola, kilichoadhibiwa ni kumfanya mwenza.

Mwaka ule ule, mwezi wa Machi, Mussolini alipanda farasi akaingia Tripoli, akainua upanga akajiita mlinzi wa Uislamu. Upanga huo ulitengenezwa Firenze, Italia. Na katika nchi hiyo hiyo ya Libya, miaka sita kabla yake, tarehe 16 Septemba 1931, serikali yake ilikuwa imemnyonga Omar al-Mukhtar, mwalimu wa Qurani mwenye umri uliopita miaka 70, mbele ya watu wake waliokusanywa kwa nguvu kutazama. Na watu wapatao 100,000 wa Barqa walikuwa wamehamishwa na kufungiwa katika makambi jangwani, wakafa humo maelfu kwa maelfu. Walikuwapo Waislamu waliousifu upanga ule.

Na Ujerumani ina habari yake, ya mtu wa Dar es Salaam. Bayume Mohamed Husen alizaliwa katika mji huo mwaka 1904, mwana wa askari, naye akawa askari mdogo katika jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914. Mwaka 1929 alikwenda Berlin akadai mshahara ambao haukulipwa, wasimpe. Akabaki huko akifanya kazi ya kuhudumu mezani, akisaidia kufundisha Kiswahili chuoni, na mwezi wa Januari 1933 akaoa mke wa Kijerumani, siku chache kabla ya Hitler kushika serikali. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, akakataliwa. Alitumiwa katika sinema za kuusifu ukoloni, pamoja na ile ya mwaka 1941 ya kumtukuza Carl Peters, ambaye watu wa mrima wamjua. Kisha mwaka huo huo alikamatwa kwa kushitakiwa ya kuwa amekuwa na mwanamke mweupe. Lau shitaka lingekuwa ni zina, lingemhusu kila mwanamume wa Berlin mwenye kosa hilo. Lakini sheria ile haikutaja zina, ilitaja damu. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.